Kurudi chuo na mtoto mgongoni: ada inatafutwaje Mbeya, Iringa na Njombe

Kabla hujaandika barua hata moja ya kuomba ufadhili, chukua karatasi uandike miaka miwili: mwaka uliozaliwa, na mwaka ulipopata cheti chako cha mwisho, kiwe cha kidato cha nne, cha sita au stashahada. Miaka hiyo miwili hufunga na kufungua milango mingi kuliko alama zako. Wengi waliopitisha umri wa kawaida wa chuo humaliza msimu mzima wakihangaikia fungu ambalo tangu mwanzo halikuwa lao. Wakija kushtuka, Oktoba imefika, chuo kimefungua na mifuko ni mitupu.

Bodi ya Mikopo: hesabu umri kwanza

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, ndiyo yenye fungu kubwa, kwa hiyo anzia hapo hata kama unadhani haikuhusu. Hutoa mwongozo mpya kila mwaka, na masharti huguswaguswa. Soma wa mwaka unaoomba, usitegemee alichokuambia jirani aliyepata mkopo miaka mitatu iliyopita. Katika miongozo ya miaka ya karibuni, masharti matatu ndiyo yanayomkwamisha mtu mzima. Umri usizidi miaka 35 wakati wa kuomba. Kidato cha sita au stashahada unayoingilia chuo iwe imehitimiwa ndani ya miaka mitano iliyopita. Na usiwe na kipato cha ajira rasmi au mkataba.

Sharti la miaka mitano ndilo lenye upenyo. Tuseme mama ana miaka 29 na kidato cha sita alimaliza zamani. Akiomba kwa cheti hicho, atakwama. Akisoma kwanza stashahada, akahitimu, hesabu ya miaka mitano inaanza upya, na akifika kuomba mkopo atakuwa na miaka 31 au 32, bado yumo. Mwenye miaka 34 hana nafasi hiyo, maana akitoka na stashahada mkononi umri utakuwa umeshamtupa nje. Asipoteze muda na njia hii, aruke hadi sehemu inayofuata. Anayepitia stashahada asimame imara kwenye masomo, kwa sababu mlango wa shahada kwa kawaida hudai wastani wa GPA 3.0 na kuendelea. Kukosa pointi hiyo kwa desimali moja ni hasara ya miaka miwili au mitatu. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi imeanza kukopesha pia baadhi ya kozi za stashahada, zile za vipaumbele vya taifa, hivyo angalia kama kozi unayoitaka imo kwenye orodha kabla ya kuchagua chuo.

Kuhusu kipato: kuuza chakula stendi, kulima viazi Umalila, kushona au kuendesha bodaboda si ajira rasmi. Usiogope kuandika unachofanya. Kinachokuponza ni mkataba wa kazi.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulielewa vibaya. Mzazi anayelea peke yake hudhani hali hiyo yenyewe itampa alama. Fomu inapima zaidi nyumba uliyotoka: kama wewe ni yatima, kama wewe au mzazi wako ana ulemavu, kama kaya yenu ipo TASAF. Kwa hiyo cheti cha kifo cha baba yako mzazi kinaweza kuwa na uzito kuliko maelezo ya kurasa mbili kuhusu baba wa mtoto aliyetoweka. Kama wazazi wako wamefariki na vyeti vya vifo havijawahi kufuatiliwa, anza hilo Januari. Usisubiri Juni.

Ombi hufanyika mtandaoni kwenye mfumo wa OLAMS, na kwa kawaida dirisha hufunguka mwezi Juni na kufungwa Agosti. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, hulipwa kwa kontrol namba na hairudi. Ukishajaza unachapa fomu na kuipeleka kwa serikali ya mtaa au kijiji, kwa mdhamini na kwa wakili. Kisha unaskani kurasa zilizosainiwa na kuzipandisha tena kwenye mfumo. Ni katika mzunguko huu mdogo ndipo maombi mengi hufia: muhuri wa mtendaji umekosa tarehe, saini ya mdhamini haipo, picha ya fomu imepigwa kwa simu kivulini haisomeki. Mwingine aliandika namba ya mtihani ya kidato cha nne aliyorudia, huku chuo aliomba kwa namba ya awali. Ukiwa na namba mbili, ziandike zote, kote.

Jihadhari na stationeri. Kijana wa pale Mwanjelwa au Miyomboni atakujazia fomu haraka, lakini ukimwachia aweke barua pepe na namba yake ya simu, akaunti ni yake. Taarifa ya kurekebisha makosa itakwenda kwake, na yeye keshakusahau. Fungua barua pepe yako mwenyewe, weka laini iliyosajiliwa kwa jina lako, andika nywila kwenye daftari. Majina ya waliopata yakitoka na lako halimo, au kiasi ni kidogo, fuatilia dirisha la rufaa. Huwa fupi na halimsubiri mtu.

Umri ukiwa umekwisha kuvuka

Hapa hakuna mfuko mmoja mkubwa. Utaunganisha vijifuko vinne au vitano, na ni bora uchague chuo kinachokubali pesa ya vipande. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kinamfaa mtu mwenye mtoto kuliko kingine chochote, kwa sababu kina vituo vya mikoa, husomi kila siku darasani, na kodi ya chumba cha mjini unaiepuka. Kina pia kozi ya msingi kwa wasiofikisha sifa za kuingia shahada moja kwa moja. Mwenye uzoefu mrefu wa kazi bila vyeti vinavyotosha aulizie utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu wa kutambua maarifa ya awali, ambao una mtihani wake. Fundi aliyejifunzia gereji au cherehani aende VETA, nao wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi.

Aliyeishia njiani sekondari asikimbilie kulipa tuisheni ya mtaani. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo mikoani, na vyuo vya maendeleo ya wananchi kama Nzovwe pale Mbeya, Ilula na Njombe vimeshazoea kupokea mama vijana waliokatizwa masomo. Swali la kuuliza kwanza ni hili: kuna mahali pa mtoto kukaa nikiwa darasani? Jibu la hapo linaweza kukuokolea mshahara wa dada wa kazi. Kwenye vyuo vya kawaida, uliza pia kama hosteli inaruhusu mtoto. Nyingi haziruhusu, na mtu hugundua ameshalipa.

Vijifuko vyenyewe ni kama hivi. SACCOS yako: nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, na baadhi zina mkopo wa elimu wenye riba nafuu kuliko ule wa biashara. Iulizie kwa jina hilo, maana usipoitaja watakupa wa kawaida. AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kama kwenu mnalima kahawa Mbozi au chai Rungwe, hupitisha misaada kwenye mkutano mkuu. Anayeomba nje ya mkutano huambiwa asubiri mwaka mwingine. Kanisa: huku kwetu vyuo kadhaa ni vya makanisa yenyewe, Teofilo Kisanji ni cha Moravian, Chuo Kikuu cha Iringa ni cha KKKT, RUCU cha Iringa na kile cha Kikatoliki cha Mbeya ni vya Katoliki. Barua ya mchungaji au paroko anayekufahamu husikilizwa pale, si kwa sababu kuna ufadhili uliotangazwa, bali kwa sababu wanaosaini mpango wa kulipa ada kwa awamu humwamini. Omba mpango huo kwa maandishi, wenye tarehe na saini ya mhasibu. Ahadi ya mdomo huisha siku ya mtihani, unaposimama mlangoni bila kibali.

Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hauna riba, ila kwa kawaida ni wa kikundi na ni wa biashara. Ukiulipia ada umeuvunja mkataba na umewaponza wenzako. Faida yake ni kwamba biashara inayoendeshwa na kikundi haisimami wewe ukiwa kwenye mtihani.

Na matunzo ya mtoto. Wengi hawayaweki kwenye hesabu ya ada kwa aibu au kwa hasira. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi amtunze mtoto, na elimu, chakula na matibabu vimo ndani ya matunzo hayo. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Nenda na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, risiti za shule na zahanati, na taarifa ya kazi ya huyo mzazi mwenzako. Ikishindikana, shauri huenda mahakamani. Hata shilingi 50,000 kwa mwezi zikitoka kwa mwenzako, ni 600,000 kwa mwaka ambazo zako zinabaki kwa ada.

Karatasi za kuwa nazo

Tengeneza bahasha moja ya plastiki, kila karatasi na nakala tatu zilizogongwa muhuri wa wakili. Cheti chako cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, kwa sababu mfumo wa maombi ukifunguka foleni ya uhakiki hurefuka. Namba ya NIDA. Vyeti vya shule. Barua ya mtendaji wa kata ikitaja kwa maneno kwamba unalea watoto wangapi, wa umri gani, peke yako. Ile barua ya jumla ya "namtambua ni mkazi wangu" haikusaidii. Talaka au cheti cha kifo cha mwenza kama vipo. Cheti cha mtoto: mpango wa kuwasajili walio chini ya miaka mitano bila malipo kwenye ofisi za kata na vituo vya afya upo Mbeya tangu mwaka 2013, kwa hiyo mtoto mdogo hana sababu ya kukosa.

Kinachosumbua zaidi wanawake ni majina. Cheti cha kidato cha nne kina jina la baba, NIDA ina jina la mume, benki ina jina la ubatizo. Herufi moja tu, Mwakipesile na Mwakipesire, inatosha kurudisha malipo. Hati ya kiapo mbele ya wakili hutatua tofauti ndogo. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hiyo huchukua muda.

Barua ya kuomba

Barua nyingi hueleza shida kwa kurasa mbili na kumalizia "naomba msaada wowote." Anayesoma hajui aandike hundi ya ngapi. Barua nzuri ni ya ukurasa mmoja na ina hesabu. Mfano:

"Nimedahiliwa kozi ya stashahada ya maendeleo ya jamii, ada ni 900,000 kwa mwaka. Nimelipa 350,000 (risiti nimeambatisha). SACCOS imenikubalia 300,000. Pengo ni 250,000, linalotakiwa kabla ya tarehe 15 Januari, lilipwe moja kwa moja kwenye kontrol namba ya chuo. Nina watoto wawili, wa miaka 4 na 7, mama yangu atakaa nao siku za masomo."

Sentensi ya mwisho usiiache. Kila mfadhili anayemwona mzazi anajiuliza moyoni, watoto wataachwa na nani? Usipomjibu, atajijibu mwenyewe. Na ile ya kontrol namba humwondolea hofu ya kwamba pesa itaishia kwenye unga na mafuta.

Kalenda ya hapa

Nyanda za juu zina tatizo lake. Vyuo vikuu hufungua Oktoba na Novemba, wakati uleule mvua zinakaribia na pesa yote ya nyumbani inakwenda kwenye mbolea na mbegu. Pesa ya mahindi na viazi iko mkononi kati ya Juni na Agosti. Lipa awamu ya kwanza miezi hiyo, hata kama chuo hakijadai, mara tu unapopata barua ya udahili na kontrol namba. Ukiiweka ndani, haitaifikia Oktoba. VICOBA nacho, panga kiwe kinavunjwa Septemba badala ya Desemba. Wanakikundi wenye watoto sekondari hawatakupinga.

Anayekupigia kwamba umeteuliwa kupata ufadhili, tuma 45,000 ya kufungua faili, ni tapeli. Malipo halali yana kontrol namba yenye jina la taasisi, si jina la mtu kwenye simu.

Ukishaanza, mfahamu afisa mikopo wa chuo kwa jina. Mtoto akilazwa wiki tatu na mitihani ikakupita, andika barua ya kuahirisha masomo kabla ya kuondoka, na umpe nakala afisa huyo. Aliyeondoka kimya huonekana ameacha chuo, na mkopo husimamishwa. Aliyeahirisha kwa maandishi anaweza kuomba aendelee anaporudi.