Picha Imekuvutia kwenye Simu? Mfuatilie Aliyeitengeneza

Kazi nyingi za sanaa zinazosambaa mtandaoni hazina jina la mwenyewe. Piga skrinishoti, ondoa maandishi na fremu za ukurasa, kisha uiingize kwenye Google Lens, zana ya Google ya kutafuta kwa kutumia picha. Usikate kona za kazi yenyewe, la sivyo utaletewa picha zinazofanana nayo rangi tu. Kwenye majibu, ruka kurasa zinazokusanya tu picha zilizotengenezwa na wengine. Tafuta tovuti ya msanii, ya galari au ya makumbusho. Hapo utakuta jina la kazi, mwaka, malighafi na vipimo, kwa kawaida kimo kikitangulia upana.

Malighafi isome kwa makini. Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda. Kwenye simu utaona rangi. Ukisimama mbele ya mchoro wenyewe ndipo utaona matundu na mishono ya gome, na jinsi Armitage alivyoyatumia kama sehemu ya picha. Kioo cha simu hakiwezi kukupa hilo.

Ukishapata jina la msanii mmoja, tafuta maonyesho ya pamoja aliyoshiriki. Majina ya wenzake yatakufikisha mbali kuliko mapendekezo ya programu yoyote. Kama msanii ni mpiga picha, tazama mfululizo mzima wa picha zake, si moja tu.

Aliye Dar es Salaam aende Nafasi Art Space, kituo cha sanaa kilichoko Mikocheni. Aliye Nairobi aende NCAI (Nairobi Contemporary Art Institute), taasisi ya sanaa aliyoianzisha Armitage. Uliza kwanza ratiba: kati ya onyesho moja na jingine kuta huwa tupu.