Kulisha sato wa maabara bila kujidanganya

Nilitaka kujua kama chakula hubadili bakteria wa utumbo wa sato, na kama hilo hubadili wanavyougua wakiambukizwa Aeromonas, bakteria wa majini anayeshambulia samaki. Kosa langu la kwanza lilikuwa bomba. Matangi sita ya sato, matatu wakila punje za unga wa dagaa, matatu punje za soya, na yote yakirudishiwa maji ya chujio moja. Kinyesi cha hawa kikawa kinywaji cha wale. Wiki nane baadaye bakteria wa matumboni mwao hawakutofautiana, nikaanza upya.

Kwa hiyo kila tangi liwe na chujio lake, kinyavu chake na mpira wake wa kufyonzea uchafu. Na samaki thelathini wa tangi moja usiwahesabu kuwa majibu thelathini. Wanaishi maji mamoja, wanadonoa kinyesi cha wenzao: hilo ni jibu moja. Mimi sasa naweka matangi manne kwa kila chakula.

Soya ikaange kwanza. Ikiwa mbichi huzuia umeng'enyaji wa protini, na utakuwa unapima udhaifu wa samaki ukidhani unapima bakteria. Linganisha protini na mafuta ya vyakula vyote viwili, kisha hifadhi kwenye friza. Gunia la stoo yenye joto huota kuvu, mafuta yakachacha. Punje zilizobaki zifyonze baada ya dakika kumi na tano hivi. Zikioza zinamlisha Aeromonas kabla hujaamua kuwaambukiza.

Chukua sampuli za utumbo kabla ya maambukizi. Samaki mgonjwa huacha kula, na utumbo mtupu hubadilika wenyewe. Ukisubiri hutajua kipi kilitangulia. Hao wa sampuli walaze kwa mafuta ya karafuu, yale yale ya jino, uliyoyayeyusha kwanza kwenye spiriti, na uzidishe dozi hadi wafe. Gandisha pia maji kidogo na punje chache: vinasaba vya bakteria waliokufa ndani ya chakula huonekana kwenye vipimo kana kwamba ni wenyeji wa utumbo.

Kuambukiza, wengi huchoma sindano tumboni. Ni rahisi, na dozi inajulikana, lakini bakteria anaruka utumbo ambao ndio swali lako. Mimi namtia kwenye maji, halafu nahesabu asubuhi na jioni: vidonda vyekundu, tumbo kujaa, macho kutokeza. Vaa glavu. Aeromonas hydrophila huingia hata kwenye mkato wa kidole chako.