Jinsi ya kumtazama dogo wa hoki ya barafu kwenye mechi mpaka umjue

Kitu cha kwanza nachomwambia yeyote anayetaka kujifunza kuskauti madogo wa hoki ya barafu, yaani kuwatazama ili ujue nani ana uwezo, ni aache kuangalia paki, kile kisahani kigumu kinachopigwa kwa gongo. Najua ni ngumu, macho yenyewe yanakimbilia pale, paki ikienda kona na wewe uko kona, ikirudi katikati umerudi nayo, mwisho wa mechi unajua nani kafunga na nani katoa pasi ya goli ila mchezaji mwenyewe humjui hata mmoja. Mechi ina vipindi 3 vya dakika 20, dogo anaingia barafuni kwa shifti ya sekunde 40 mpaka 50 hivi alafu anatoka kupumzika, na kwenye hiyo shifti paki inakaa kwenye gongo lake sekunde chache mno, saa nyingine haimfikii kabisa. Sasa kama unamtazama pale tu anapokuwa nayo, kazi yake karibu yote imekupita.

Kwa hiyo unaanza kabla ya mechi. Tafuta orodha ya wachezaji na namba zao, chagua watatu au wanne, basi. Kila timu inashusha watu kama 20 na ukijidai unawaskauti wote arobaini utatoka na daftari limejaa maneno ya juu juu. Andika tarehe za kuzaliwa, hii watu wengi wanairuka na mimi naona ni kosa kubwa. Kwenye zile ligi kubwa za vijana Kanada, OHL, WHL na ile ya Quebec, wengi wana miaka 16 mpaka 20, yaani kwenye mechi moja mtoto wa 16 anagongana na mtu wa 20 mwenye mabega ya mtu mzima, huwezi kuwapima kwa kipimo kimoja. Alafu kuna mambo ya tarehe za mwisho. Drafti ya NHL, yaani zoezi la timu za ile ligi kubwa ya Amerika Kaskazini kuchagua vijana kwa zamu, inamtaka mchezaji awe ametimiza miaka 18 ikifika Septemba 15, hivo dogo wa Septemba 14 na dogo wa Septemba 17 wa mwaka huohuo wamepishana siku tatu tu ila wanaingia drafti za miaka miwili tofauti. Na kwa wale wadogo zaidi wanaopangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, aliyezaliwa Januari ana karibu mwaka mzima wa kukua mbele ya aliyezaliwa Desemba, ndo maana timu za juu huwa zimejaa watoto wa miezi ya mwanzo ya mwaka. Wa Desemba anayeweza kusimama nao sawasawa, huyo mpe macho ya ziada. Angalia pia ratiba, kwenye hizi ligi sio ajabu timu kucheza mechi 3 ndani ya siku 3, na ukimkuta dogo kwenye ya tatu miguu yake imechoka, hilo liandike juu kabisa ya ukurasa.

Fika mapema uwaone wakipasha misuli. Hapo ndo unajua nani anashika gongo kulia nani kushoto, nani anageuka vizuri pande zote mbili na nani anakwepa upande mmoja, kwa sababu bado hakuna mtu anayemsumbua. Kukaa, kaa juu, kona au nyuma ya goli. Chini karibu na kioo kuna raha yake, unasikia miili inavyogongana, ila uwanja una urefu wa mita 60 hivi na ukiwa chini huoni nafasi zinavyofunguka na kujifunga. Na kaa mbali na wazazi, sio kwa ubaya, wanawapenda watoto wao na ndo inavyotakiwa, ila ukisikia habari za mtoto mechi nzima macho yako hayatakuwa yako tena.

Kwenye daftari mimi naandika namba, kipindi na saa ya uwanjani, mfano 2/11:40, alafu kitendo. Kitendo kabisa. Usiandike "mvivu", andika "paki imepotea, kaacha kuteleza kwenye mstari mwekundu wa katikati, mtu wake kaenda peke yake". Usiandike "ana kipaji", andika alichofanya kikakufanya ufikirie hivo. Ukiandika hukumu, baada ya wiki huna cha kukagua, ila ukiandika kitendo unaweza kurudi kwenye video ukaona kama ulikuwa sahihi. Na ni mtoto huyu tunayemzungumzia, ana haki ya kuandikiwa kile alichofanya kweli.

Haya, kuteleza. Wengi wanaangalia spidi ya mwisho, yule dogo anayekata upepo toka goli moja mpaka jingine. Mimi naangalia hatua tatu za kwanza, maana kwenye hoki nafasi kubwa ya kukimbia muda mrefu haipo, ni vita vya mita mbili tatu, nani anafika kwanza. Angalia magoti yamekunjwa au amesimama wima, akigeuka anapoteza mwendo au anatoka na spidi ileile, akirudi kinyumenyume anajiamini au anachungulia miguu. Angalia pia kama spidi yake inabaki paki ikiwa kwenye gongo, kuna madogo wepesi sana ila wakipewa paki wanakuwa watu wengine kabisa. Alafu jiulize tatizo linatoka wapi. Mkao mbaya kocha anaweza kuunyoosha, nguvu za miguu zinakuja na umri, kwa hiyo dogo wa 16 mwembamba anayeteleza kwa ufundi ila hana nguvu simkati maksi nyingi. Yule anayewapita wenzake kwa sababu tu kaota ndevu mapema, huyo ndo naogopa kumpa maksi nyingi.

Ila sehemu ninayotumia muda mrefu kuliko zote ni kichwa. Chukua shifti tano za dogo mmoja na uhesabu ni mara ngapi anaangalia juu ya bega lake kabla paki haijamfikia. Hesabu kweli, weka vistari. Anayeangalia anapokea paki akiwa tayari anajua inaenda wapi, anaonekana kama hana haraka na bado anawawahi wenzake, na asiyeangalia anapokea kwanza ndo anaanza kutafuta, na akianza kutafuta beki keshamfikia. Angalia pia pasi zilizofeli, hizi zina habari nyingi kuliko zilizofika. Kuna pasi inafeli kwa sababu wazo lilikuwa baya, kafunga macho kaitupa katikati ya watu wanne. Na kuna pasi inafeli kwa sababu wazo lilikuwa zuri ila mwenzake hakulisoma, akasimama pale alipotakiwa kukimbia. Kwenye takwimu zote ni paki iliyopotea. Kwenye daftari langu ya pili ina alama ya kujumlisha, na dogo akifanya hivo mara mbili tatu kwenye timu dhaifu naanza kujiuliza angekuwaje akicheza na watu wanaomuelewa.

Kuna swali huwa naliandika pembeni kabisa ya ukurasa, hiki anachofanya kitamfuata kwa wakubwa? Dogo anachukua paki kwake, anapiga chenga watatu, anafunga, uwanja mzima umesimama. Goli zuri, sikatai. Ila angalia wale watatu, walikuwa umbali gani, magongo yao yalikuwa wapi, kama walimwachia nafasi ya kupita basi kwa wanaume hiyo nafasi haitakuwepo. Lakini dogo anayeweka mwili wake kati ya beki na paki pale kwenye mbao za pembeni, akasubiri nusu sekunde akatoa pasi fupi alafu akaenda mbele ya goli bila kuambiwa na mtu, hiyo itamfuata popote. Magoli mengi yanafungwa karibu na kipa, na kule karibu ndo kunapigwa mtu, kwa hiyo angalia nani anaingia na nani anabaki anazunguka pembeni akisubiri aletewe paki.

Dogo akipoteza paki usiifuate, baki naye. Sekunde tatu zinazofuata zinakwambia mengi, anageuka na kukimbia kukaba au anatupa mikono juu na kumwangalia refa? Na mtafute akiwa benchi, binafsi napenda sana hii, timu imefungwa goli kwa kosa lake, anakaaje, anaongea na mwenzake au anapiga gongo ukutani, na shifti inayofuata anacheza vilevile au anaanza kuikwepa paki. Mimi nishawahi kumkata dogo maksi kwa kosa moja kubwa la kipindi cha kwanza nikaacha kumfuatilia vizuri, nilipokuja kuangalia video nikakuta vipindi viwili vilivyobaki alikuwa beki bora uwanjani. Tangu hapo sifungi ukurasa wa mtu kabla ya king'ora cha mwisho.

Mabeki wenyewe wanataka macho tofauti. Fowadi anakuja na spidi, beki anarudi kinyumenyume, tazama nafasi iliyopo kati yao. Ikiwa kama urefu wa gongo, hapo anamdhibiti, ikiwa kubwa sana anaogopa kupitwa na anamwachia mtu avuke mstari wa bluu, ule wa kuingia eneo lake la ulinzi, bila jasho. Alafu subiri wapinzani watupe paki nyuma yake. Beki mzuri akiwa anaikimbilia anageuza kichwa mara moja mbili, anajua anayemfuata anatokea bega lipi, anafika anamdanganya kidogo kwa mwili na pasi ya kwanza inatoka safi kwa mwenzake. Beki wa kawaida anafika na kuipiga tu ukutani iondoke. Beki anayefanya hii kazi kimyakimya mechi nzima hatopata goli wala kupigiwa makofi, na ndo huyohuyo makocha wanamlilia. Senta namwangalia anavyorudi chini kusaidia mabeki wake na anavyogombea paki refa anapoiangusha, winga namwangalia pale kwenye mbao akiwa na mtu mgongoni.

Kipa simwandikii chochote cha maana kwa mechi moja. Idadi ya magoli isikudanganye, angalia shuti ikimgonga paki inaenda wapi, kona au inarudi katikati miguuni mwa mpinzani, angalia kama anafika sehemu yake na kutulia kabla shuti haijapigwa, na anavyohangaika kuiona paki watu wakimziba.

Takwimu zisome baada ya mechi, sio kabla. Goli moja linaweza kutoa asisti mbili, yaani pasi za goli, na ya pili saa nyingine ni pasi ya kawaida tu iliyotokea mbali. Ile hesabu ya kujumlisha na kutoa, ambapo mchezaji anaongezewa moja timu yake ikifunga akiwa barafuni na anapunguziwa moja ikifungwa, magoli yanayofungwa timu ikiwa na mtu wa ziada kwa sababu mpinzani katolewa kwa adhabu haiyahesabu, na inambeba anayecheza na wenzake wazuri. Uliza dogo anapata dakika ngapi, yuko na nani kwenye laini yake, yaani mafowadi watatu wanaoingia pamoja, anaingia timu ikiwa na mtu wa ziada au la. Pointi 40 za dogo anayepewa kila kitu sio sawa na 40 za yule wa laini ya tatu anayepata muda mdogo.

Na umbo, jamani, umbo limewakosesha watu wachezaji wengi sana. Pavel Datsyuk, aliyekuja kuwa nyota wa NHL, alipitwa kwenye drafti mbili kabla timu ya Detroit hawajamchukua kama chaguo namba 171 mwaka 1998 kwa sababu skauti wao, Håkan Andersson, aliona kitu kule Urusi. Mwaka uliofuata wakamchukua Henrik Zetterberg namba 210. Brayden Point aliachwa mpaka namba 79 mwaka 2014, alafu akabeba Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, na timu ya Tampa Bay 2020 na 2021. Martin St. Louis, naye mfupi aliyekuja kuwa nyota, hakuchaguliwa na mtu yeyote. Sisemi kila dogo mfupi ni Point, wengi sio. Nasema udogo wa mwili usiwe sababu ya kuacha kuangalia, angalia kama anafika kwenye paki kwanza, kama anatoka kwenye mgongano bado anayo, na kama anarudi tena palepale alipoangushwa.

Ripoti iandike usiku huohuo, kabla hujasoma alichosema mtu mwingine. Iwe fupi na mtu asiyekuwepo aweze kumuona dogo. Mfano wa kubuni: "Namba 17, beki, miaka 17, gongo kushoto, mechi ya pili ndani ya siku mbili. Anageuka vizuri kushoto, kulia anapoteza mwendo. Kakimbilia paki 9 nyuma, 7 kaangalia bega kwanza, pasi 6 zimefika. Kipindi cha 2 kapitwa nje kwa sababu ya kuacha nafasi kubwa, kipindi cha 3 fowadi yuleyule kaja tena, kabana mapema zaidi, kachukua paki. Shuti dhaifu. Naamini kulia kunarekebishika."

Ile sehemu ya fowadi yuleyule kurudi na dogo kubana mapema ndo inayonifanya nimtafute tena. Maksi bado siandiki. Naangalia ratiba natafuta mechi yake ya ugenini na timu kali, ambako kocha wa wenyeji ndo anabadilisha wachezaji mwisho na anaweza kumletea fowadi anayemtaka, nikae kona ya upande mwingine, nimtazame yeye tu tangu shifti ya kwanza.