Kruzi kwenye barabara zetu: wapi uiwashe, wapi uiache

Wengi wanaonunua gari lililotumika Japani hukuta kikono kifupi nyuma ya usukani, chini upande wa kulia. Wanakibonyeza, taa ya kijani inawaka kwenye dashibodi, wanakizima na hawakigusi tena. Hicho ndicho cha kruzi, kifaa kinachoshika mwendo wa gari bila wewe kukanyaga mafuta, na wameshasikia kwamba ni ya mwendo wa 120, ya barabara za Ulaya. Mimi riziki yangu ni kupeleka wateja Morogoro, Dodoma na Singida kwa Harrier ya petroli, na ninachowaambia ni kinyume chake: kwenye hamsini kruzi inanisaidia kuliko kwenye mia.

Ukishaipita Chalinze kuelekea Morogoro na Dodoma, vijiji vinafuatana na kila kimoja kina kibao chake cha 50. Tatizo ni kwamba lami ni nzuri, barabara imenyooka, na kuna vijiji virefu ambavyo kibao cha kumaliza hamsini hukioni upesi. Unaingia na 50 halali kabisa. Simulizi zinanoga na abiria, mguu unalala kidogo kwenye mafuta, ukitazama kisahani kinasoma 61, na chini ya mwembe kuna trafiki ameshika tochi ya kupimia mwendo. Shilingi 30,000 hiyo. Anayekuwashia taa kutoka mbele kukuonya hayupo kila siku.

Ukiweka kruzi kwenye 50, mguu hauna tena nafasi ya kukusaliti. Na faida ninayoipenda zaidi si ya faini. Macho yanaacha kwenda na kurudi kwenye kisahani, yanabaki barabarani, walipo watoto wa shule na waendesha baiskeli wenye magunia ya mkaa.

Namna ya kuiweka kwenye Toyota nyingi ni hivi. Bonyeza ncha ya kikono, taa ya kruzi iwake. Kuwaka huko hakujaanzisha kitu bado, ndipo wengi wanapodhani imeharibika. Kanyaga mafuta mpaka ufike mwendo unaoutaka, kisha shusha kikono mara moja na kukiachia, palipoandikwa SET. Ondoa mguu taratibu. Gari litashika mwendo huo. Ukitaka kuongeza kidogo, gusa kikono kwenda juu. Kupunguza, gusa kwenda chini. Kukata, kivute kuelekea kwako au gusa breki. Chini ya kilomita 40 hivi kwa saa haikubali kushika, kwa hiyo usihangaike nayo kwenye foleni ya Mandela au Ubungo. Mjini haina kazi, tusipotezeane muda.

Kabla hujaiamini hiyo 50, linganisha kisahani na simu. Washa ramani inayoonyesha mwendo kwa setilaiti, shika 50 kwenye kipande kilichonyooka, abiria akusomee. Gari lenye tairi zake za asili kwa kawaida kisahani huzidisha kidogo, kwa hiyo uko salama. Lakini sisi tunapenda kuvalisha gari tairi kubwa ili liinuke. Tairi ikiwa kubwa kuliko ya asili, kila mzunguko mmoja unakupeleka mbali zaidi, na kisahani hakijui. Unaweza kusoma 50 kumbe tochi inasoma 54, ukaanza kugombana na askari bure.

Sasa upande wa hatari wa kikono, ule wa juu, palipoandikwa RES. Kruzi ikiwa imekatwa, kazi yake ni kurudisha mwendo wa mwisho uliouweka. Tuseme ulikuwa na 90 kabla ya kijiji, ukagusa breki kwenye rasta, ukateremka hadi 45. Ukiinua kikono kwenda RES ukidhani unaongeza kidogo tu, gari linaikumbuka ile 90 na linaanza kuitafuta, injini inanguruma katikati ya watu. Mimi kwenye vijiji RES siigusi. Nakanyaga mwenyewe hadi 50, naweka SET upya. RES naiacha kwa barabara tupu, baada ya kijiji.

Mguu wa kulia hauendi likizo. Mama mmoja niliyekuwa nampeleka Dodoma aliniangalia chini akashtuka.

"Dereva, mbona hujakanyaga kitu? Gari linajiendesha?"

"Linajisukuma tu, mama. Kusimama ni juu yangu."

"Basi huo mguu uweke karibu na breki, mwanangu. Mimi nina wajukuu."

Alisema kweli kuliko kitabu cha gari. Kisigino kinakaa sakafuni, kidole gumba usawa wa breki. Anayekunja mguu chini ya kiti kwa sababu kruzi inafanya kazi anajiongezea muda wa kuitafuta pedeli siku mbuzi akikatiza. Na hata ndani ya hamsini kuna mahali pa kuizima kabisa. Kibaigwa ni soko kubwa la nafaka. Msimu wa mahindi malori yanaingia na kutoka, bodaboda zinachomoka kati ya semi mbili. Hapo endesha kwa mguu wako.

Usiiwashe kwenye mvua. Kruzi ya kawaida inajua mwendo wa gari tu, haijui kama lami ina maji. Tairi zikianza kuelea juu ya dimbwi, mguu wako ungeachia mafuta mara moja, yenyewe inaendelea kusukuma.

Usiiwashe kwenye milima. Mpando mkali unaifanya itupe gia chini na kunywa mafuta kwa fujo ili isipoteze mwendo, na mteremko ni mbaya zaidi, maana kruzi nyingi za zamani hazifungi breki. Zinaachia mafuta tu, uzito wa gari unafanya mengine. Kitonga, Sekenke, Saranda: zima kabla ya kona ya kwanza, tia gia ya chini, shuka na injini. Ndani ya hifadhi ya Mikumi pia izime, hasa jioni. Twiga hana habari na SET yako, na ukimgonga mnyama pale unalipishwa.

Kuovateki hakuhitaji kuizima. Ukiwa umeweka 80 nyuma ya lori, kanyaga mafuta upite, ukishaachia mguu itarudi kwenye 80 yenyewe. Ila ukikaa nyuma ya lori muda mrefu kwa kukata na kurudisha, kukata na kurudisha, acha tu. Raha yake iko kwenye vipande kama vya baada ya Manyoni kwenda Singida, ambako barabara ni nyeupe mbele na nyuma.

Mafuta? Inaokoa kidogo kwenye tambarare, kwa sababu haina papara za mguu. Asiyekuwa na papara hataona tofauti kubwa.

Kuhusu papara hizo, aliyebuni kitu hiki alikuwa kipofu: Mmarekani Ralph Teetor, aliyepoteza kuona akiwa mtoto wa miaka mitano, akawa injinia. Inasimuliwa kwamba wakili wake alikuwa akiendesha huku anaongea, na kila akiongea gari linapunguza, akinyamaza linakimbia, Teetor, abiria wake, anarushwa mbele na nyuma. Hataza, yaani haki ya ubunifu wake, aliipata mwaka 1950, na Chrysler wakaanza kuiuza kwenye magari yao ya mwaka 1958. Nikibeba mteja mpenda siasa namkumbuka sana huyu mzee.

Magari mapya kidogo yana kruzi ya rada, inayopunguza yenyewe ikikuta gari mbele. Ni nzuri nyuma ya basi. Usiitegemee kumwona mtembea kwa miguu, mkokoteni au lori lililoharibika bila taa, likiwa limewekewa matawi tu. Na kila ukiacha nafasi salama mbele yako, kuna mtu atajaza, nayo itazidi kurudi nyuma mpaka wa nyuma yako aanze kupiga honi.

Ukienda kununua gari, ijaribu barabarani, maana taa kuwaka pekee si ushahidi. Ikiwaka lakini haishiki, anza na taa za breki: mtu asimame nyuma, wewe kanyaga. Zikikaa zinawaka muda wote au zisipowaka kabisa, huenda swichi iliyo juu ya pedeli ya breki ina shida, na kruzi haitakubali kushika mpaka itengenezwe. Kama honi nayo imekufa, na taa ya eabegi inawaka, mwambie fundi umeme aangalie kwanza waya uliozungushwa ndani ya usukani kabla hajakufungulia dashibodi yote. Na kama gari lako halina kikono kabisa, muulize huyohuyo: baadhi ya Toyota zilishatandikwa nyaya kiwandani, zinangoja swichi tu.