Jinsi ya Kusoma Ripoti ya Uchunguzi wa Utumbo

Unaposoma ripoti ya kamera iliyoingizwa kwenye utumbo, anza na mahali wekundu na uvimbe ulipoonekana: kolaitisi ya vidonda (ugonjwa wa uvimbe na vidonda kwenye utumbo mpana) kwa kawaida huanzia kwenye puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) na kupanda bila kuruka, ikichubua hasa utando wa ndani wa utumbo mpana, ilhali ugonjwa wa Crohn, uvimbe mwingine wa muda mrefu wa utumbo, huacha sehemu yenye afya katikati ya sehemu mbili zilizougua. Kisha tazama kina, jambo ambalo wengi hulipita haraka mno. Crohn huweza kupenya tabaka zote za ukuta. Makovu yake huubana utumbo, na vidonda vikitoboka hufungua njia hadi kiungo jirani. Majibu ya kinyama kilichokatwa utumboni ili kupimwa yasome pamoja na daktari, kwani maambukizi ya bakteria huweza kuiga picha hiyohiyo.