Poza kegi kwanza, gesi baadaye

Kwa wanaopika bia nyumbani hapa Malindi na ndio kwanza wanaacha chupa na kuhamia kegi (pipa la chuma la bia): usianze kutia gesi bia ikiwa na joto. Jaza kegi, piga gesi ya psi 30 (psi ni kipimo cha shinikizo) kidogo tu ili mfuniko ukae sawasawa, vuta valvu ya juu mara nne kutoa hewa (oksijeni ikibaki, bia huonja kama karatasi iliyorowa), kisha iache kwenye friji usiku kucha mpaka ifike nyuzi 4. Ndipo uweke regyuleta (kifaa cha kudhibiti shinikizo la gesi) kwenye psi 12 na uiache siku 7 hadi 10. Kaboni dioksaidi, ndiyo gesi yenyewe, huyeyuka vizuri kwenye baridi. Kwa nyuzi 30 za msimu wa kaskazi, psi hizo hizo 12 zitakupa kama nusu tu ya gesi unayotaka.

Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo uone kama gesi inavuja. Kipovu kimoja kinachovimba polepole pembeni mwa mfuniko kinatosha kumaliza mtungi mzima wa gesi kabla ya wiki kwisha.

Mbinu hii hukwama stima ikipotea kwa saa nyingi: bia hupata joto, na ukimimina hupati ila povu. Usiguse regyuleta, poza bia tena siku nzima. Na mpira wa kumiminia ukiwa wa nusu mita badala ya karibu mita 3 (upana wa ndani milimita 5), povu halitaisha hata bia iwe baridi vipi. Watu hulaumu gesi bure.