Kabla hujachomeka waya hata mmoja kwenye risiva

Naongelea risiva ya muziki, ile nzito yenye matundu kibao nyuma, sio ya dishi. Watu wakishaifikisha nyumbani wanakimbilia kuchomeka, mi nawaomba kitu kimoja, igeuze kwanza usome mgongo wake.

Anza na volti. Mtumba wa Japani umeandikwa 100V, wa Marekani 120V, na umeme wa Tanzania ni 230V, sasa ukiichomeka hivi hivi umeiua. Shemeji yangu alibadilishiwa plagi tu na fundi, akajua maadam imeingia kwenye soketi basi kazi imeisha, ikatoa moshi sebuleni watoto wanaangalia. Iliniuma sana maana ilikuwa mashine nzuri na hela aliitafuta kwa shida. Kama ni ya volti ndogo nunua kwanza transfoma ya kushusha umeme, na wati zake ziwe zaidi ya zile zilizoandikwa nyuma ya risiva, yaani ikiandikwa 400W usichukue ya 300 kisa ni bei rahisi.

Hapo hapo angalia ohm (alama Ω, kipimo cha ukinzani wa spika) kwenye matundu ya spika. Zikiandikwa 6 hadi 16 halafu spika zako umezitoa kwenye seti ya boksi (hom thieta inayouzwa kamili na spika zake), zile nyingi ni 3 au 4, risiva itavutwa umeme mwingi, itachemka na ukipandisha sauti inajizima. Sabufa nayo, kama haina waya wake wa kwenda kwenye soketi haitalia kwenye tundu la SUBWOOFER PRE OUT, maana pale inatoka ishara ndogo tu, haina nguvu ya kusukuma spika.

Waya za spika pima kwa kupita ukutani, usipime hewani, utajikuta umepungukiwa mita mbili. Unene wa waya, kwa sebule za kawaida 1.5 mm² inatosha, ikiwa ndefu sana chukua 2.5 mm². Menya kama sentimita moja, sokota vizuri nyuzi zote, unywele mmoja ukigusa upande wa pili ni shoti. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, ukikosea spika moja besi inakonda na utamlaumu aliyekuuzia bure.

Halafu TV. Tafuta tundu la HDMI lenye neno ARC, mara nyingi ni moja tu, hilo ndo linaenda kwenye HDMI OUT ya risiva, na waya huo huo mmoja unapeleka picha na kurudisha sauti ya TV. ARC ilianza na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo risiva ya zamani zaidi ya hapo itabidi uiongezee waya wa optiko kutoka kwenye TV. King'amuzi, deki na gemu zote ziingie kwenye HDMI IN za risiva, ila kama risiva haipitishi 4K, kile kifaa cha 4K kichomeke kwenye TV moja kwa moja, sauti itarudi kwa ARC.

Iachie nafasi ya kupumua juu, usiibane kabatini wala kuilazia king'amuzi juu yake. Plagi ya umeme iwe ya mwisho kabisa, volyumu ikiwa chini.